Kufuli Limefungwa, Gari Halipo

Vijana wa karakana wameniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ufundi wa makufuli hapa Lushoto, kabla kichwa changu hakijaanza kuvuja kama bati la zamani. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo changu cha kwanza kilikuwa "wewe, njoo hapa," na cha mwisho "mzee, ngoja kidogo." Hapo katikati hakuna cha kusimulia. Nitaandika habari za milango. Na humo ndani nitaeleza jambo moja ambalo sijapata kumwambia mtu, kwa sababu yule ambaye lingemuumiza ameshatangulia mbele ya haki.

Nilianza kazi mwaka uliofuata Uhuru. Baba yangu alikuwa mkulima wa viazi upande wa Irente, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na hakupenda kuniona nikihangaika na jembe ambalo sikuliweza. Akanipeleka kwa Mzee Hamza. Huyu alikuwa seremala na fundi makufuli, mtu wa Tanga, aliyepanda mlimani zamani kuwajengea walowezi nyumba zao, na baridi ikamzoea. Aliniangalia viatu, akaniangalia mikono, kisha akatoka nami nje, akaufunga mlango wa karakana kwa kufuli kubwa la shaba na kunipa waya.

"Ingia," akasema. Akaondoka kwenda kunywa chai.

Nililichokonoa lile kufuli hadi jua likawa utosini. Vidole vilichubuka. Mzee aliporudi alinikuta nimepiga magoti kama mtu anayetubu.

"Vipi, mgosi?"

"Limenishinda, mzee."

"Dirisha la nyuma liko wazi tangu asubuhi," akasema. "Mwizi hapiti pale unapopatazama wewe."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na kwa kweli karibu ndilo somo lote. Mengine ni tupa na mazoezi. Alinifundisha kushika tupa kwa vidole vitatu, kwa sababu mkono mzima una hasira. Alinifundisha kwamba kitasa kinachokwama mara nyingi si kibovu. Mlango ndio umevimba. Na alinifundisha kupika mafuta yake ya milango: nta ya nyuki, shahamu ya ng'ombe, na vipande vya mti wa mkafuri vilivyochemshwa mpaka nyumba nzima inukie. Watu wa pwani wanaijua harufu ile kwa jina la karafuu maiti, maana ndiyo wanayomwekea marehemu. Mimi sikuijua kwa namna hiyo. Kwangu ilikuwa harufu ya kazini.

Miaka ile walowezi walikuwa wanauza nyumba na kuondoka, na waliohamia walikuwa maofisa, walimu na wafanyabiashara kutoka Tanga na kwingineko. Nyumba zilikuja bila funguo. Mzungu mmoja aliondoka na funguo zote mfukoni, sijui alikuwa anategemea kufungua nini huko kwao. Basi mimi na Mzee Hamza tulizunguka nyumba kwa nyumba tukibadilisha vitasa, na ndipo nilipoyafahamu mabanda yake ya magari.

Alikuwa amejenga manane, yote kwa mtindo mmoja. Mlango wa mbao nzito wa mbawa mbili, kufuli katikati, na chini ya kila ubawa gurudumu dogo la chuma ili mbao zisiburuze. Bawaba zilikuwa nje, tatu kila upande, na pini zake alizifanya za kuchomoka. Mbao za huku hunywa ukungu na kuvimba; kila masika alipita, akachomoa pini, akashusha mlango, akaupiga randa, akaurudisha. Nje ya kila banda, juu ya mlango, alitundika kwenye msumari kopo la yale mafuta ya kafuri, ili mwenye nyumba azipake pini mwenyewe mvua ikichelewa kuisha.

Baada ya Azimio la Arusha, karakana yetu ikawa ushirika wa mafundi. Tulimchagua Mzee Hamza awe mwenyekiti, akakataa. Alisema mwenyekiti ndiye mtu wa kwanza kukosa kiti. Aliendelea kukaa kwenye gogo lake mpaka kifua kilipomzidi, na akafariki katikati ya masika. Tulimzika mvua ikinyesha. Mkewe, Bi Mwanaidi, alinikabidhi tupa zake zote na daftari alilochoramo meno ya kila ufunguo aliowahi kuutengeneza. Hawakujaliwa mtoto. "Wewe ndiye," akaniambia, na hakumalizia.

Haukupita mwaka, wizi ukaanza.

Gari la kwanza lilikuwa Pijo nyeupe ya Daktari. Ilikuwa Jumapili mchana, ukungu umeshuka mpaka huoni mkono wako, familia yote iko kanisani. Waliporudi waliliona banda limefungwa, kufuli lipo mahali pake, wakaingia ndani wakala, wakalala. Jumatatu asubuhi Daktari alifungua kufuli kwa ufunguo wake, mlango ukafunguka vizuri kama siku zote, na ndani hakuna kitu. Doa la oili sakafuni, basi. Na harufu ya kafuri imejaa, nzito, kana kwamba maiti ametoka kuoshwa hapo.

Walikuwa na mbwa mkali anayeitwa Simba. Hakuna jirani aliyemsikia akibweka. Walimkuta chini ya kitanda cha watoto, anatetemeka, amejikojolea.

Sajini Magesa, mtu wa Musoma, mrefu, mpole wa kuongea, alikuja karakana na kusimama mlangoni.

"Fundi, kufuli halikuvunjwa," akasema. "Mtu aliyelifungua amelifunga tena. Hapa mjini nani anaweza kuutengeneza ufunguo wa kufuli lile?"

"Wawili," nikasema.

"Wa kwanza nani?"

"Mimi."

"Na wa pili?"

"Tumemzika."

Aliandika. Nilimwona anaandika, nikajua nimejiweka pabaya, lakini uongo ungeniweka pabaya zaidi. Alichukua daftari la funguo, akaondoka nalo. Wiki mbili nilifanya kazi huku askari mmoja amekaa ng'ambo ya barabara akijifanya anasubiri mtu. Ilipofika siku ya nne nilimpelekea kiti.

Kisha ikaja Jumapili nyingine ya ukungu, na ikaondoka Landrova ya Bwana Shamba. Mambo ni yaleyale: mchana, watu wametoka, kufuli limefungwa, kafuri imetanda bandani, na mbwa wawili wamejibanza nyuma ya tangi la maji hawataki kutoka. Siku hiyo mimi nilikuwa kanisani, benchi la tatu, mbele ya macho ya watu mia mbili, na yule askari wangu nyuma yangu. Kwa upande wangu hilo liliniokoa. Kwa upande wa Bi Mwanaidi ndilo lililomponza. Maana kama si fundi wa kwanza, basi ni wa pili, yule tuliyemzika.

Mji ulianza kunong'ona. Walisema Mzee Hamza anarudi kuchukua malipo ya milango yake. Walisema mbwa huona tusivyoona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka sokoni akaapa kwamba ameona Landrova inashuka barabara ya Soni kimya, bila mngurumo, na nyuma ya kioo kuna kichwa cha kijivu kisicho na uso. Wengine wakasema si Hamza anayejileta, mkewe ndiye anayemtuma. Alikuwa mjane, mtu wa pwani, anaishi peke yake, na nyumba yake inanukia kafuri. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji hakimu.

Nilikwenda kumwona siku ya Jumatano, jua linawaka. Nilimkuta ndani, madirisha yote yamefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upesi, ufunge."

"Mbona giza?"

Akanionyesha juu. Bati lilikuwa limebonyea sehemu tano, sita. "Wanarusha mawe," akasema. "Hata mchana. Jana mtu alinisimamia dirishani akaniambia nimwambie mume wangu arudishe magari. Nikamjibu, baba, na wewe ukimwona mwambie arudi, maana mimi sijamwona." Alijaribu kucheka. "Balozi wa nyumba kumi amekuja pia. Ameniambia kwa heshima kwamba pengine ningekwenda Tanga kwa ndugu zangu nikapumzike. Ndugu gani? Mimi nina kaburi moja tu duniani na liko hapa."

Nilitoka pale nimekasirika mpaka nikapita njia panda yangu bila kuiona. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Shamba, nikamwomba ruhusa nilitazame banda. Nilikuwa nimeshalitazama mara mbili. Nilikuwa nimetazama kufuli.

Safari hii nilikaa chini nikaukazia macho mlango mzima, na kufuli nikalipa mgongo. Kisha nikasogea kwenye bawaba za kushoto. Pini zilikuwa zimeng'aa. Nikachomoa moja kwa vidole vyangu, ikatoka laini kama mwiba wa samaki aliyeiva. Juu ya mlango lilining'inia kopo la Mzee Hamza, kifuniko hakijakazwa, na katika nta kulikuwa na alama mbichi za vidole viwili.

Nikaelewa. Ukichomoa pini tatu za ubawa wa kushoto, hutakuwa na haja ya kuligusa kufuli. Kufuli lenyewe linaushika ubawa wa kushoto kwenye wa kulia. Unavuta, na mbawa zote mbili zinafunguka pamoja kama mlango mmoja mpana, zikitembea juu ya vigurudumu vyake bila kelele. Unalitoa gari kwenye gia, unalisukuma, unaweka jiwe chini ya tairi, unarudisha mlango, unatia pini. Kufuli halijui kilichotokea. Gari unaliachia kwenye mteremko bila kuwasha injini, na kwa barabara zetu unaweza kwenda kimya mpaka karibu na Soni. Enzi zile usukani ulikuwa hauna kufuli. Na harufu ilikuwa ni ya mafuta tu, ya mtu aliyezipaka pini nta ili zisilie.

Lilibaki suala la mbwa. Hilo lilitatuliwa na mke wa Daktari, bila kukusudia. Nilikwenda kwake kuhakikisha pini zake, nazo zilikuwa zinang'aa vilevile. Alipokuwa ananimiminia chai nikamuuliza habari za Simba.

"Hajambo sasa," akasema. "Lakini siku ile, fundi, alikuwa vilevile kama anavyokuwa siku ya sindano."

"Sindano gani?"

"Ya kichaa cha mbwa. Akimsikia tu Leonadi getini, anaingia chini ya kitanda."

Nilikiweka kikombe chini. Leonadi alikuwa mtu wa makamo, mwenye tabasamu, aliyewahi kufanya kazi ya kuchoma mbwa sindano nyumba hadi nyumba. Aliijua kila nyumba, kila geti, kila saa ya kila familia kutoka. Wakati huo alikuwa ameacha kazi hiyo na kufanya biashara ya ngozi, anapanda na kushuka Mombo na Mazinde kila wiki. Nikakumbuka masika moja, tuko kwa Bwana Shamba na Mzee Hamza, tumeshusha mlango, na Leonadi amesimama na sanduku lake la sindano anatutazama. Alikuwa amesema, "Kumbe rahisi hivyo, mzee?" Na Mzee Hamza, ambaye alipenda kusifiwa kama binadamu yeyote, akamwonyesha.

Sajini Magesa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanirudishia daftari. Akasema, "Dhana si pingu, fundi. Lazima tumkute mkono uko kwenye pini."

Katika mabanda manane ya Mzee Hamza, ni matatu tu yaliyokuwa bado na magari ndani. Moja lilikuwa la Mchungaji, ambaye siku za Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu. Na bahati nzuri alikuwa amepata matairi manne mapya, kitu ambacho wakati ule kilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari kule Mazinde. Sajini akamwomba habari hiyo isambae. Mchungaji alisita; hakutaka kushiriki hila. Mwishowe akasema hatasema uongo, ila anaweza kusema kweli kwa sauti kubwa. Jumapili ile, kwenye matangazo, alimshukuru Mungu kwa matairi, moja baada ya jingine.

Mimi nilishafanya kazi yangu. Pini za ubawa wa kushoto nilizikata ncha, nikazipiga ribiti kwa chini zisichomoke, kisha nikapaka matope zisionekane mpya. Jumapili iliyofuata ukungu ulikuja saa nne asubuhi, kana kwamba ameuagiza mtu. Nilikaa ndani ya banda, mgongo kwenye Pijo ya Mchungaji, Sajini amesimama karibu na mlango mdogo wa ubavuni. Kwa mbali kanisani walikuwa wanaimba. Ukungu ulikuwa unaingia kwa chini ya mlango, unatambaa sakafuni mpaka miguuni mwetu.

Mbwa wa Mchungaji alilia mara moja, sauti nyembamba. Halafu kimya.

Sikusikia nyayo. Nilichosikia kwanza ni kifuniko cha kopo. Kisha harufu ikaja. Nilijua kila kitu, vijana. Nilijua ni nta na shahamu, nilijua jina la mtu aliyeshika lile kopo, na bado nywele zilinisimama, maana ilikuwa harufu ya mwalimu wangu na ilikuwa inapumua upande wa pili wa ubao, shubiri moja kutoka usoni pangu. Pini ya juu ikatikisika. Ikatikisika tena. Haikutoka. Ikafuata ya kati.

Kisha mtu yule akaanza kunong'ona.

"Nisaidie, Mzee. Mara mbili umenipa. Usininyime leo. Nisaidie, Mzee Hamza, sitarudia tena."

Nilimtazama Sajini, na yeye akawa ananitazama. Hatukutegemea hilo. Yule mwizi, ambaye mji mzima ulikuwa unamwogopa marehemu kwa ajili yake, alikuwa anamwogopa marehemu kuliko wote. Alikuwa anaomba kwa machozi. Sajini alipotoka kwa ule mlango mdogo na kumshika bega, Leonadi hakukimbia. Alipiga ukelele mmoja ambao waimbaji kanisani waliusikia, akakaa chini. Kichwani alikuwa amejifunika kipande cha blanketi la kijivu, chenye matundu mawili ya macho.

Alikiri yote siku hiyohiyo. Magari aliyauza Mazinde, yakakatwakatwa kuwa vipuri. Aliwekwa mahabusu Tanga kungoja kesi, na baadaye alifungwa. Nami nilipata kazi nyingi kuliko nilivyopata kuwa nayo. Kila mwenye gari alitaka pini zipigwe ribiti, komeo la ndani, mnyororo kupitia usukani. Niliwaambia wote, na nawaambia nanyi: kagueni bawaba kabla ya kununua kufuli kubwa, ufunguo msiuweke chini ya chungu cha maua, kwa maana hata mtoto wa jirani anajua, na mbwa akinyamaza, jiulizeni anamfahamu nani.

Jumapili moja baada ya Leonadi kupelekwa Tanga, mchana, nilikwenda kwa Bi Mwanaidi. Madirisha yalikuwa wazi. Wanawake watatu walikuwa uani wakimenya maharage, na mmoja wao ni yule aliyeapa kuona kichwa kisicho na uso. Walikuwa wameleta viazi na sukari. Kijana mmoja alikuwa juu ya paa anabadilisha bati, na sikumuuliza kama anajua zile alama za mawe zilitoka wapi. Bi Mwanaidi alinishika mikono yote miwili.

"Umemsafisha mume wangu," akasema. "Sasa na alale."

Niliondoka kurudi nyumbani kwa miguu, kwa barabara ya Irente. Moyo ulikuwa mwepesi. Ukungu ukanikuta njiani, mzito, mweupe, nikawa natembea kwa kufuata ukingo wa barabara. Nilisikia changarawe inasagika nyuma yangu. Nikadhani ni mkokoteni, nikasogea pembeni, nikasema "Onga mshi," kama tunavyosalimiana.

Likanipita gari. Morisi ya kijivu. Lilikwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, bila mngurumo wowote, tairi tu juu ya changarawe. Lilinipita karibu kiasi kwamba ningeweza kuweka mkono wangu juu ya bati lake. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Mbele palikuwa na kona. Nikauona usukani unazunguka taratibu kuifuata ile kona, halafu unarudi. Harufu ya kafuri ikanifunika na kupita. Barabara pale inapanda, vijana. Mnaijua. Gari lile lilikuwa linapanda.

Na nililifahamu. Lilikuwa la Mama Maua, bibi wa Kizungu aliyekataa kuondoka wenzake walipoondoka, tukamwita hivyo kwa ajili ya bustani yake. Injini ya Morisi ile mimi na Mzee Hamza tuliitoa kwa mikono yetu miaka mitatu nyuma, na tangu hapo ilikuwa vipande vipande chini ya benchi karakana, inangoja vipuri ambavyo havikuja.

Sikulifuata. Nataka hilo lieleweke. Niligeuka nikateremka mbio mpaka kwa Mama Maua. Alikuwa kibarazani anakunywa chai ndani ya ukungu, shali mabegani.

"Fundi, unahema," akasema. "Nani mgonjwa?"

"Mama, gari lako liko wapi?"

"Bandani. Litakwenda wapi?"

Tulikwenda pamoja. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ufunguo aliutoa kwenye mkufu shingoni mwake. Nilifungua. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka mitatu, na katikati ya vumbi alama nne za tairi, safi, kavu, mahali gari lilipokuwa limesimama. Hakukuwa na michirizi ya kutoka. Alama nne tu, kama vile limeinuliwa.

Nikazitazama bawaba. Kutu ilikuwa imezila, maana tangu tutoe injini mlango ule haukushushwa tena. Nilichukua nyundo nikagonga pini ya kushoto, nikagonga ya kulia. Hazikusogea hata unywele. Kopo lilikuwa msumarini, buibui amefuma juu ya kifuniko chake.

Mama Maua alijifunga shali yake vizuri. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hamza alikuja kuniona kabla hajalazwa. Aliona aibu kwamba hakumaliza kulitengeneza. Aliniambia, 'Mama, nitakuja kulichukua mwenyewe.'"

Tulisimama pale, na nadhani sote wawili tuliwaza jambo moja, kwa sababu yeye ndiye aliyelisema.

"Ukienda kwa Sajini, kesho mawe yatarudi juu ya paa la Mwanaidi."

"Ndiyo, mama."

"Basi nimeliuza. Nimemuuzia nani, hilo ni shauri langu. Mimi ni mzee na ni Mzungu, watasema nimechanganyikiwa, na hawatauliza tena."

Hawakuuliza. Siku tatu baadaye nilikwenda peke yangu mpaka kwenye majabali ya Irente, nikachungulia chini hadi macho yakauma. Mazinde ilionekana vizuri, mkonge, moshi, reli. Hakukuwa na kitu chochote cha kijivu. Ile injini niliifunga kwenye gunia, na lile gari nikaliandika kwenye kitabu cha karakana "limechukuliwa na mwenyewe." Ndiyo mara pekee nilipoandika uongo kazini, na hata leo sina hakika kama ulikuwa uongo.

Banda nililifunga mimi. Mama Maua alinipa ufunguo wake na akafa miaka michache baadaye; yuko kwenye makaburi ya mlimani, maua yake yamemfuata hadi kule. Bi Mwanaidi aliishi mpaka mwaka jana. Alikufa kitandani kwake, madirisha wazi, majirani wamejaa. Hakupata kusikia habari ya Morisi kutoka kwangu, na ndiyo maana nimesubiri.

Nyumba ile sasa ina mwenyewe mwingine. Ananiruhusu nipite kila mwaka kabla ya masika, nizipake bawaba mafuta. Aliniuliza mara moja ndani kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, naye akadhani uzee umenishika. Sasa magoti yangu hayaiwezi tena njia ile. Ufunguo nimeuweka kwenye droo ya pili ya benchi langu, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Mmoja wenu atakwenda badala yangu. Aende mchana, achukue kopo jipya, asiguse pini zaidi ya kuzipaka. Na kabla hajafungua apige hodi, hata kama anajua banda ni tupu.